Makundi ya Hobi Mtandaoni: Dhana Potofu na Ukweli Wake

"Kundi lenye watu wengi ndilo lenye msaada."

Kundi la Telegram hubeba hadi watu 200,000, la WhatsApp huishia 1,024. Idadi hiyo haikwambii kama swali lako litajibiwa. Pekua maswali kumi ya mwisho yaliyoulizwa na wageni, uone mangapi yalijibiwa, na yalijibiwaje.

Chukua wapenda ushonaji. Mgeni anaandika: "Uzi unajisokota chini ya kitambaa." Kundi bovu humwambia anunue cherehani nyingine, au apande juu akatafute, maana swali hilo limeshaulizwa. Kundi zuri humwomba picha ya mshono pande zote mbili, kisha mtu anamweleza: inua mguu unaokandamiza kitambaa, toa uzi wote wa juu, uupitishe upya mguu ukiwa bado juu. Mguu ukiwa chini, visahani vinavyokaza uzi huwa vimebana, uzi haupenyi katikati yake. Ndiyo maana vurugu inaonekana chini ilhali chanzo kiko juu. Ukikuta majibu ya namna hiyo saba kati ya kumi, kaa hapo, hata kama kundi lina watu 60.

"Wasiochangia ni mzigo, waondolewe."

Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia tovuti, alieleza mgawanyo unaojirudia katika jumuiya nyingi za mtandaoni: takribani 90 kati ya 100 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na mmoja hubeba sehemu kubwa ya mazungumzo. Makundi madogo huenda yakawa na uwiano mzuri zaidi, lakini wasomaji hawakosekani. Wengi wao bado wanajifunza msamiati na kupima kama wakiuliza watachekwa. Kuwafagia kila mwezi ni kuwakata kabla hawajaanza.

"Sheria zikiwa nyingi, ugomvi utapungua."

Sheria 25 hazisomwi na mtu. Tano hadi saba zinatosha, mradi kila moja itaje kitendo. "Tuheshimiane" haimsaidii msimamizi, kwa sababu kila mgomvi huamini kuwa yeye ndiye aliyevunjiwa heshima. Andika hivi: "Kosoa kazi pale tu mwenye kazi ameomba kukosolewa, na usimguse yeye mwenyewe." Matangazo ya biashara yapewe siku moja ya wiki. Bandika sheria hizo juu ya kundi, usingoje ugomvi ndipo uzitoe.

"Mkosaji akemewe mbele ya wote, wengine wajifunze."

Hapa ndipo makundi mengi mazuri huvunjika, na inauma kwa sababu yangeweza kuokolewa. Anayekemewa hadharani hujitetea ili asiaibike, rafiki zake wanaingia, na ndani ya nusu saa hobi imesahaulika. Futa ujumbe wenye kosa, kisha mwandikie mhusika faraghani ukitaja sheria aliyoivunja na maneno yenyewe. Akirudia, mnyamazishe kwa saa 24 pale programu inaporuhusu. Mara ya tatu, mtoe. Kila hatua iandikwe katika kundi dogo la wasimamizi: tarehe, kosa, hatua. Bila kumbukumbu hiyo, rafiki wa msimamizi atasamehewa mara tano na mgeni atafukuzwa mara ya kwanza, na watu huliona hilo haraka. Matapeli na wanaomwaga viungo vya tovuti ovyo hawahitaji ngazi hizi. Watolewe papo hapo.

Mjadala ukichemka bila mkosaji dhahiri, Telegram ina mwendo wa polepole (slow mode) unaomfanya kila asiye msimamizi asubiri muda uliowekwa, hadi saa moja, kabla ya kuandika tena. Mara nyingi dakika tano zinatosha.

"Kundi la faragha halivuji."

Kiungo cha mwaliko husambaa. Kiweke upya mara kwa mara, na uwashe kibali cha msimamizi kwa wanaoingia. Wapenda ndege na mimea adimu wawe waangalifu zaidi: picha iliyotumwa kama faili hubaki na taarifa za mahali ilipopigwa, ikiwa simu ilizirekodi, na kiota kikajulikana na wasiohitajika.

"Mwanzilishi peke yake anatosha."

Msimamizi pekee wa kundi la WhatsApp akijitoa, programu huchagua mwanachama mwingine kwa bahati nasibu. Huenda ikamwangukia aliyeingia jana. Teueni angalau watatu, wenye saa tofauti za kuwa mtandaoni, na wachaguliwe kutoka kwa wale wanaojibu wageni kwa subira.