Mwajiri ni nani? Neno kwa mwenye saiti

Mwajiri ni mtu anayemtumia mwenzake kazini kwa ujira. Basi, maana imekwisha, na ningeishia hapo kama si jirani yangu wa huku Muriet, Arusha, anayejenga nyumba ya vyumba vinne, ambaye juzi aliniambia kwa mara ya tatu mwaka huu: "Mwalimu, mimi ni mwajiri wa nani? Mimi nina kampuni? Hawa ni vibarua tu."

Siku hiyo walikuwa wanamwaga lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Kijana mmoja, saidia fundi, alisimama juu ya mirunda, miti ya kukanyagia, akipokea makarai ya zege kutoka chini. Mrunda uliokuwa umeshikiliwa na msumari mmoja ukazunguka chini ya nyayo zake. Alidondoka na karai lake, zege ikamfunika bega, na mkono alioutanguliza ukavunjika juu kidogo ya kiganja. Jirani alitoa elfu thelathini ya hospitali, akasema "pole sana chalii wangu", kisha akamgeukia fundi na kumuuliza kama ana mtu mwingine wa kuleta kesho. Simsemi kwa ubaya. Wengi wetu hujenga hivyo hivyo, na hayo ndiyo maneno tunayoyasema.

Lakini maneno hayo yana kasoro, na kasoro inaanzia kwenye ajira. Nchi hii tumelifanya neno ajira kuwa jina la kitu kimoja, kazi ya serikali. Mtu akisema "ajira zimetoka", hakuna anayeuliza za nani. Sote tunajua ni za walimu na manesi. Binti aliyemaliza chuo akasimamia duka la shangazi yake miaka mitatu, analipwa kila mwisho wa mwezi, bado atakuambia hajapata ajira, anajishikiza tu. Kwa hesabu hiyo, kama asiye na barua ya serikali hana ajira, basi na anayemlipa si mwajiri. Jirani yangu hakujitungia kisingizio. Alirithi Kiswahili kilichokwisha kupindishwa.

Neno lenyewe halina makuu hayo. Kiarabu wana *ajr*, malipo ya kazi, na waumini wanalijua pia kama thawabu. Sisi tukachukua ujira, tukapata kuajiri, ajira, mwajiri na mwajiriwa. (Wanaochanganya hao wawili wa mwisho ni wengi ajabu. Mwajiri anatoa, mwajiriwa anapokea.) Katika ukoo wote huo wa maneno hutakuta ofisi, muhuri wala kampuni. Kuna kazi na kuna malipo yake. Ukiutoa ujira Jumamosi jioni ukiwa umekaa kwenye rundo la kokoto, umeajiri.

Sasa kibarua, neno ambalo jirani yangu hulitamka kama vile linafuta kila kitu kilichotangulia. Kibarua ni barua ndogo. Hakuna fumbo: ki- ya udogo, kama kijiti na mti. Kamusi za wamisionari wa karne ya 19 pale Unguja zinaeleza kwamba mtu wa kazi ya siku alipewa kikaratasi, na jioni alikirudisha ili alipwe. Kikaratasi ndicho kilichoitwa kibarua. Baadaye jina likahama kutoka kwenye karatasi likamkalia mtu aliyeishika, mpaka leo hatukumbuki tena karatasi. Huku bara mashamba ya mkonge yalikuwa na ndugu yake, kipande, kadi ya siku 30 iliyotiwa alama kila siku ya kazi, na mshahara ulitoka kadi ilipojaa.

Hapo ndipo ninapokereka. Neno lililozaliwa kuwa ushahidi kwamba fulani alimfanyia fulani kazi na anadai malipo, leo tunalitumia kumaanisha mtu asiye na ushahidi, asiye na mkataba, asiye na wa kumdai. Tumeligeuza kichwa chini miguu juu. Hata msemo wetu unakumbuka vizuri kuliko sisi: mtu akifukuzwa tunasema kibarua kimeota nyasi, maana yake alikuwa na kazi, nayo ilikuwa na mwenyewe.

Sheria nayo haikukubali kudanganywa na neno. Sheria ya Taasisi za Kazi, namba 7 ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, bila kujali mkataba wao una sura gani, ikiwa kuna dalili hata moja kati ya kadhaa zilizotajwa. Je, namna anavyofanya kazi inaelekezwa na mwingine? Saa zake zinapangwa na mwingine? Amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Anamtegemea huyo kwa riziki? Anapewa naye vitendea kazi? Zimo na nyingine, lakini hizi zinatosha kwa saiti ya Muriet. Saa 45 kwa mwezi, kwa saidia fundi anayeingia saa moja asubuhi na kutoka saa kumi na moja, ni wiki moja tu ya kazi.

Nilimuuliza jirani: chepe na makarai ni ya nani? Yake, alinunua mjini ili fundi asimsumbue. Nani anasema leo tunaanza saa ngapi? Yeye, maana maji ya boza yanafika asubuhi. Yule kijana aliletwa na nani? Akacheka kidogo. Ni mtoto wa dada yake kutoka Usa River, alimleta mwenyewe.

Najua jibu ambalo wengine wanalo mkononi: "Mimi nilipatana na fundi, watu ni wake." Inawezekana kabisa. Kama fundi alichukua kazi kwa bei moja, akaja na watu wake na zana zake, akawapanga na kuwalipa kutoka mfukoni mwake, basi mwajiri wa wale vijana anaelekea kuwa fundi. Ila kupatana bei peke yake hakutoshi. Nimeona saiti ambako mwenye nyumba "amepatana", lakini kila asubuhi yuko pale anaamuru huyu apande, yule achanganye zege, na jioni anagawa pesa mkono kwa mkono. Hapo kilichopatanwa ni bei tu.

Wapo pia wanaomwita fundi wao mkandarasi, wakidhani cheo hicho kinahamisha mzigo. Mkandarasi ni mtu au kampuni iliyoandikishwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi chini ya sheria ya mwaka 1997, na kwa kazi za majengo ana daraja, kuanzia la kwanza hadi la saba. Fundi wako anaweza kuwa hodari kuliko wengi wenye daraja, timazi yake haijawahi kudanganya, lakini kumwita mkandarasi kwenye simu hakumsajili. (Na bodi yenyewe inasema makandarasi, si wakandarasi. Hilo nitaligombania siku nyingine.)

Kuhusu kibali cha ujenzi nitapita haraka, maana nacho hutolewa kama ngao. "Nina kibali cha Jiji." Vizuri, na uwe nacho, hapa Arusha kama kule Moshi kwa Manispaa. Lakini kibali kinahusu jengo na kiwanja. Hakimhusu aliyepanda kwenye mirunda.

Anayemhusu ni mwajiri, na ndiyo sababu swali hili haliishii kwenye kamusi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamdai mwajiri mahali pa kazi palipo salama. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 imeunda Mfuko unaochangiwa na mwajiri, bila kukata ujira wa mfanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya 2004, inautambua mkataba wa kazi maalumu, yaani hata kazi ya kumwaga lenta tu ina jina lake. Sheria hiyo hiyo inakataza aliye chini ya miaka 18 kutumiwa kwenye kazi ya hatari. Hili nalisema kwa sababu kila mwaka, vijana wakimaliza kidato cha nne na kusubiri matokeo, nawaona juu ya kenchi za watu, zile mbao za paa, miaka 16 au 17, na wazazi wanashukuru mtoto amepata cha kufanya. Mgogoro ukizidi nguvu za wazee wa mtaa, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko hawaanzi kwa kuuliza kama una kampuni.

Jirani alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani ya stoo ya mabati akatoka na kaunta buku. Alitaka kunionyesha kwamba yeye si mtu wa kudhulumu. Kurasa zimepigwa mistari kwa rula, majina upande wa kushoto (Baba Neema, Dogo wa Usa, Fundi, Mrefu), siku juu, vema kwa kila aliyekuja, na mwisho wa mstari kiasi alicholipwa pamoja na sahihi. Kwenye mstari wa Dogo vema zilisimama Alhamisi. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama daftari hilo linaweza kumletea matatizo, na kama ingekuwa afadhali kulichoma.

Nikamwambia asilichome. Aandike majina kamili, maana "Mrefu" si jina la mtu. Aweke na tarehe Dogo alipoanguka, na kiasi alichotoa hospitali. Akauliza, basi aseme yeye ni mwajiri? Nikamjibu kwamba kama neno linamkwaza, aseme "mimi ndiye ninayewapanga na kuwalipa", ni kitu kile kile. Akalifunga daftari akalirudisha stoo, juu ya mifuko ya saruji, mahali pasipovuja.