Dhana potofu kuhusu kamera zinazochunguza aurora

"Setilaiti zipo, kamera za ardhini za nini tena?" Swali hili halikosi kuulizwa kila zinapotajwa kamera zinazochunguza aurora, ile mianga ya rangi inayoonekana angani karibu na ncha za Dunia. Setilaiti iliyo karibu na Dunia hupita juu ya eneo kwa dakika chache, ikaenda zake. Kamera hukesha ikitazama anga lile lile. Ndiyo maana mradi wa THEMIS wa kuchunguza aurora, ambao setilaiti zake tano zilirushwa na NASA mwaka 2007, uliwekewa pia kamera 20 huko Kanada na Alaska, kila moja ikipiga picha ya anga zima kila baada ya sekunde 3.

Wengine huapa kwamba wameiona aurora ikigusa vilele vya milima. Macho yamewadanganya: ukingo wake wa chini huwa kwenye kilomita 100 hivi, mbali juu ya mawingu. Lakini hata picha moja, iwe kali namna gani, haitoi kimo. Mnorwe Carl Størmer alilitatua hilo mwanzoni mwa karne ya 20. Aliweka wapiga picha vituo tofauti, wakawasiliana kwa simu ili wafyatue kwa pamoja. Ukizilinganisha picha, aurora ile ile inaonekana imesogea mbele ya nyota. Msogeo huo na umbali kati ya vituo vinatosha kukokotoa kimo.

Wapo pia wasemao rangi za picha za aurora ni "za kupikwa". Ni kweli kamera huona rangi vizuri kuliko jicho, kwa kuwa jicho gizani ni hafifu. Ila rangi zenyewe zipo. Kijani cha urefu wa mawimbi wa nanomita 557.7 na nyekundu ya 630.0 zote hutoka kwa oksijeni. Atomu ya oksijeni inayotoa nyekundu huhitaji karibu sekunde 110 kabla ya kutoa mwanga. Chini, hewa ikiwa nzito, atomu hiyo hugongana na chembe nyingine ikapoteza nishati kabla haijatoa mwanga. Basi nyekundu hutawala juu ya kilomita 200. Watafiti huweka kichujio cha rangi moja, na picha hutoka nyeusi na nyeupe, wala haivutii.

Eti aurora ni ya usiku tu? Svalbard, visiwa vya Norwe vilivyo karibu na Ncha ya Kaskazini, huwa giza hata adhuhuri katikati ya majira ya baridi, na kamera huko hunasa aurora za mchana.

Na picha za wasio wanasayansi si za mapambo tu. Utepe wa zambarau uitwao STEVE, ulioelezwa kisayansi mwaka 2018, ulifikishwa kwa watafiti na wapiga picha wa Kanada. Ukitaka yako ifae, rekebisha saa ya kamera, andika mahali ulipo, na usizikate nyota kwenye fremu.