Je, wajua kwa nini simu ya kawaida na Pro yake zinafanana hivi ila bei hazifanani?

Hivi ushawahi kuzishika zote mbili, ya kawaida mkono huu na Pro, toleo lake la bei ya juu, mkono ule, ukajiuliza hela yote hiyo ya ziada imeenda wapi? Maana WhatsApp ni ile ile, meseji zinafika sawasawa, na ukishavalisha kava hata ile titaniamu ya iPhone 15 Pro huioni tena.

Ukiniuliza mimi, tofauti ya kweli ipo kwenye kamera ya tatu, ile ya kuvuta vitu vya mbali. Simu nyingi za kawaida yani hazivuti, zinakata kipande cha katikati ya picha alafu zinakitanua. Mara 2 bado inatoka poa, ila umekaa viti vya nyuma na unampiga picha mtu aliyeko jukwaani, sura inakuja kama imepakwa rangi ya maji, macho ni vidoa viwili tu. Pro ina lenzi yake kabisa ya kazi hiyo. Sasa lenzi ya mbali inataka iwe na nafasi ndefu hadi kwenye sensa, kile kidude kinachopokea mwanga na kutoa picha, na simu yenyewe ina unene wa milimita 8 hivi, itakaa wapi? Ndo wakaja na ujanja wa kupindisha mwanga ulale kwa ubavu ndani ya simu, kama periskopu ya nyambizi, na iPhone 15 Pro Max ya 2023 inaugongesha mara 4 mule ndani kabla haujafika kwenye sensa. Kitu kama hicho kinakula nafasi na hela, kwa hiyo hakishuki haraka kwenye simu za kawaida.

Vingine vinashuka, ukiwa na subira. Kioo cha kujichora mara 120 kwa sekunde, kile kinachofanya ukiskroli maandishi yasiachie ukungu, Galaxy S20 ya kawaida ya Samsung ilikuwa nacho tangu 2020. Kwa Apple ikabidi uwe na Pro kuanzia 2021, wa kawaida wakabaki na mara 60 mpaka iPhone 17 ya 2025. Hapo hakuna cha ufundi, ni biashara tu.

Kwa hiyo kabla hujalipa fungua galari yako, hesabu picha za mwezi uliopita, ngapi umevuta zaidi ya mara 2? Kama ni mbili tatu chukua ya kawaida ulale usingizi.

Labda uwe mtu wa video. iPhone 15 zote zina tundu moja la USB-C, ila ya kawaida inahamisha megabiti 480 kwa sekunde na Pro inafika gigabiti 10, yani video ya GB 20 (GB moja ni gigabiti 8) kwa hesabu za karatasi ni dakika tano na ushee dhidi ya sekunde 16. Ila usishangilie mapema, waya wa kwenye boksi la Pro ni ule ule wa mwendo wa kobe, wa kasi unajinunulia mwenyewe.