Hakuna damu ya wizi: tunayokosea kuhusu tabia, ukoo na kabila

Hivi karibuni bibi mmoja alinijia kutoka upande wa Tandahimba, amemshika mkono mjukuu wake wa miaka tisa. Mtoto alikuwa amechukua shilingi elfu mbili zilizofungwa kwenye pindo la khanga ya bibi. Nilipomwamkia shikamoo, aliitikia na kuunganisha hapohapo: "Marahaba mwanangu. Mtazame huyu. Baba yake mwizi, babu yake mwizi, naye ndiyo huyo. Mtoto wa nyoka ni nyoka." Mtoto alikuwa amesimama palepale anasikia.

Kazi yangu hapa Mtwara ni kusuluhisha ndoa na kushauri walezi, na hakuna kauli inayonichosha kama hiyo. Huja kwa sura nyingi: ukoo ule wana hasira, kabila lile hawatunzi wake zao, wale wa ng'ambo ya mto Ruvuma hawaoleki. Zote zinadai kitu kimoja, kwamba tabia imo kwenye damu.

Haimo. Selimundu hurithiwa, ualbino hurithiwa, rangi ya ngozi hurithiwa. Sikatai pia kwamba watoto huzaliwa wakiwa tofauti. Kila mama anajua yupi alikuwa mlizi na yupi alikuwa mtulivu. Lakini hao wawili wametoka tumbo moja. Kwa upande wa makabila na mbari, yaani makundi makubwa ya watu kama Waafrika na Wazungu, mwaka 1972 mtaalamu wa vinasaba Richard Lewontin alilinganisha watu wa sehemu mbalimbali za dunia, akakuta takriban asilimia 85 ya tofauti za vinasaba zimo baina ya watu wa jamii moja. Zinazotenganisha mbari na mbari zilikuwa kama asilimia 6 tu. Sehemu kubwa ya tofauti unazozitafuta kwa mgeni wa mbali unazo tayari na jirani yako wa Newala.

Na wizi si rangi ya macho. Ili mtoto aibe lazima ajue fedha ni nini, ajue inakaa wapi, aitamani, na aone kwamba kuomba hakuna faida. Yote hayo amejifunza. Nilimwomba bibi anisubiri nje, nikamuuliza mtoto alinunua nini. Kalamu mbili na mihogo ya kukaanga. Kalamu alikuwa ameiomba mara tatu, na kila mara alijibiwa kwamba ataiuza kama baba yake. Baba huyo hamjui hata kwa sura. Anachokijua ni jina alilopewa, naye ameanza kulivaa.

Wazee wa fikra walilijadili hili zamani. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alifundisha kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu, kama mjenzi anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliwajibu waliodai kwamba hulka haibadiliki: ingekuwa hivyo, mawaidha na malezi yasingekuwa na maana, ilhali hata mnyama wa porini hufugika. Sisi wa huku tulipaswa kulielewa haraka kuliko wengine. Dunia nzima inasifu vinyago vyetu vya mpingo, na hakuna Mmakonde aliyezaliwa ameshika tezo. Amekaa miaka pembeni ya mjomba au baba, akiharibu magogo, mpaka mkono ukakubali.

Bibi nimemwomba mambo mawili kwa mwezi mmoja. Asimtaje baba mbele ya mtoto. Na kila siku amtume dukani na hela, akirudi wahesabu chenji pamoja. Ushauri huu nampa kila mlezi, wengine wanauona mdogo mno, lakini mtoto hawezi kuuzoea uaminifu asiopewa nafasi ya kuutenda.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba dhana hii humfunga asiye na kosa, kisha humfungulia mlango mwenye kosa. Mwanamume anampiga mkewe, akifika kwangu anasema, "Dada, sisi damu yetu moto." Basi namuuliza: karani wa chama cha msingi alipokupunguzia kilo za korosho kwenye mizani, ulimpiga? Hakumpiga. Alimeza mate, akaandika malalamiko. Damu ni ileile, na hasira ilikuwepo. Pale alijizuia kwa sababu alijua kuna gharama, nyumbani hakujizuia kwa sababu aliamini hakuna.

Vivyo hivyo na ile ya "wanaume wa kusini ndivyo walivyo" kila fedha za mnada wa korosho zinapoingia na ndoa kuanza kuyumba. Mapato ya mwaka mzima huja kwa miezi michache, kwenye akaunti ya mtu mmoja, bila mpango uliokubaliwa na wawili. Mleteni mwanamume wa mkoa wowote katika hali hiyo muone.

Wapo bado, Mikindani na Kilwa, wanaokataa posa kwa kunong'ona kwamba mchumba ni "uzao wa watumwa". Nasikia uchungu kila ninapolisikia hili. Utumwa haukuwa sifa ya mtu yeyote. Ni jambo alilotendewa kwa nguvu, likilindwa na sheria za wakati huo, nao ulipigwa marufuku Tanganyika mwaka 1922. Kama kuna aibu, si ya aliyefungwa mnyororo.

Wengine husema kwetu mtoto ni wa mjomba, hivyo baba hadaiwi. Kufuata ukoo wa mama ni mila yetu halisi, Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi amtunze mwanawe, na mila haimfutii baba karo.

Na jando au unyago haumalizi malezi. Wiki chache za mafunzo haziwezi kufuta miaka kumi ya kumwona baba akimdanganya mama.

Ukija kwangu kuuliza habari za mchumba, usinitajie kabila lake wala babu yake. Niambie msimu uliopita, hela za korosho zilipoingia, alianza kulipa nini.