Mshahara wa Mkate na Bia: Chakula cha Mafundi wa Misri ya Kale

Wageni wanaokuja kutazama vitu vya Misri ya kale hupenda kuuliza Farao alikula nini. Nyama ya ng'ombe, bata, asali, divai; jibu ni jepesi. Kwangu mimi chakula cha fundi aliyemchongea Farao kaburi kina mengi zaidi ya kusimulia, maana ndicho kilichokuwa mshahara wake.

Misri ya wakati huo haikutumia sarafu. Katika kijiji cha Deir el-Medina, walikoishi mafundi wa makaburi ya Bonde la Wafalme, fundi wa kawaida alipewa kila mwezi magunia 4 ya ngano na gunia 1 na nusu la shayiri. Gunia lao lilijaa lita 77 hivi. Ngano ilikuwa ya mkate, shayiri ya bia. Samaki, mboga, kuni na maji vililetwa pia.

Sasa hiyo ngano iliwatoa watu jasho. Punje zake zilikuwa ndani ya maganda magumu ambayo kupura peke yake hakuyatoi. Ilibidi ziloweshwe kidogo, zitwangwe kwenye kinu cha jiwe kilichochimbiwa sakafuni, zianikwe, zipepetwe, ndipo zisagwe. Msagaji alisukuma jiwe dogo mbele na nyuma juu ya jiwe kubwa, na kijijini hapo serikali ilitoa watumwa wa kike wa kusaga kwa zamu. Mchanga haukukosekana ungani. Ukitazama mafuvu yao utaona meno yaliyolika vibaya, ya matajiri kwa maskini.

Bia nayo ilikuwa nzito na yenye kushibisha, mithili ya busaa. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini ilipikwa kwa mikate iliyovunjwavunjwa. Mwaka 1996 mtafiti Delwen Samuel alichunguza kwa hadubini masalia ya vyunguni, akaonyesha njia nyingine: nafaka iliyooteshwa ikichanganywa na nafaka iliyopikwa.

Watu wa kawaida walikula kwa mkono, wameketi chini. Kitoweo kilikuwa samaki wa Nile, dengu, vitunguu maji na vitunguu saumu. Ukiona mchoro wa karamu ya Farao wenye nyanya au mahindi, aliyeuchora amekosea: mazao hayo yalitoka Amerika, maelfu ya miaka baadaye.

Mshahara wa chakula una hatari yake: ukichelewa, hakuna cha kuinjika jikoni. Mwaka wa 29 wa utawala wa Ramesses III, takriban 1157 KK, posho ilichelewa. Mafundi waliacha kazi, wakaenda kuketi nyuma ya hekalu, wakawaambia maofisa kwamba njaa na kiu ndizo zilizowaleta. Hawana nguo, mafuta, samaki wala mboga. Karani aliyaandika yote kwenye mafunjo ambayo leo yapo Turin, Italia. Walilipwa, lakini posho ikachelewa tena, nao wakagoma tena.