Picha za pomboo Kizimkazi: maneno ya ufukweni na hali halisi

"Orka wapo huku, ni nahodha tu hataki kwenda mbali."
Orka, yule mweusi na mweupe aitwaye pia nyangumi muuaji, huishi katika bahari zote duniani, hata hii yetu. Lakini kwao hasa ni maji ya baridi, kama Norway, Iceland na pwani ya British Columbia kule Canada. Anayekuahidi orka hapa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, anauza maneno. Wa kila siku hapa ni pomboo pua-chupa na pomboo nundu, na kuanzia Julai hivi hupita nyangumi wa nundu waliopanda kutoka maji ya Antaktika kuja kuzaa. Anayeota orka asione amepunjwa: orka ni wa ukoo wa pomboo, mkubwa kuliko wote, na mbinu za kumpiga picha ni hizi hizi.

"Boti ikisogea karibu, picha ndiyo inanoga."
Hii ndiyo inayowaharibia watu asubuhi yao. Boti ikiwafukuza kwa nyuma utapata migongo na povu, kisha wote wanazama na kuibukia mbali. Boti tano zikifanya hivyo kwa pamoja, hakuna picha wala pomboo. Watafiti waliowachunguza pomboo wa kusini mwa Unguja waliona kuwa boti za watalii zikiwepo, wanyama hao huongeza safari na kupunguza muda wa kupumzika. Aliyepumzika huibuka polepole, palepale unapomtazamia. Anayekimbia hana habari na wewe.

Nahodha wengi wanayajua hayo vizuri. Tatizo ni abiria wanaopiga kelele "karibu, karibu!" na bakshishi inayofuata. Kwa hiyo semeni mkiwa bado ufukweni: "Nahodha, leo hatuna haraka. Tukiwakuta tusiwafuate, twende nao ubavuni pole pole, halafu uweke mashine frii, boti ielee tu." Wakipenda watakuja wenyewe mpaka chini ya omo, mbele ya boti. Utasikia pumzi kabla hujaona kitu, pfuu, kisha pezi linapanda. Mara nyingi wa pili na wa tatu wako nyuma yake, basi usiteremshe kamera.

"Wamewazoea watu tangu enzi na enzi."
Hadi katikati ya miaka ya 1990 pomboo wa Kizimkazi walikuwa wakivuliwa, nyama yao ikawa chambo cha papa. Ghuba ya Menai, ndiyo bahari ya hapa, ikawa eneo la hifadhi mwaka 1997. Mazoea yenyewe bado machanga.

"Bila lenzi kubwa usijisumbue."
Lenzi ndefu inafaa Canada, ambako sheria huziweka boti mamia ya mita kutoka kwa orka. Kwenye boti ndogo inayoyumba, lenzi ya milimita 600 itakuonyesha maji matupu. Ile ya 70-200 inatosha. Weka shata ya sekunde 1/1000 au kasi zaidi, na fokasi ya kumfuatilia mnyama anayekwenda. Kaa katikati ya boti, viwiko visiguse ukingo, maana mtetemo wa mashine hupita humo. Toka alfajiri: jua la saa sita huwa utosini na kuyafanya maji yang'ae kama bati.

"Asiporuka, hakuna picha."
Mimi naona kinyume chake. Katika miaka ya 1970 mtafiti Michael Bigg na wenzake kule Canada waliwatambua orka mmoja mmoja kwa picha za pezi la mgongoni na baka la kijivu lililo nyuma yake. Pomboo nao hutambulikana kwa mikato ya ukingo wa pezi, na nyangumi wa nundu kwa alama za chini ya mkia. Picha ya pezi iliyopigwa ubavuni, yenye tarehe na mahali, ina kazi hata miaka kumi baadaye. Ya kuruka ni ya kuwaringia watu.

"Nitarusha droni, nimalize."
Droni inataka kibali. Ukiwa nacho, bado kuna upepo wa kusi, na kuidaka kwa mkono juu ya boti inayoyumba.