"Asiyeuliza ameelewa": dhana inayoua kozi za mtandaoni

Kila nikikaa na wahadhiri kupanga kozi ya mtandaoni, lazima mmoja aseme: "Mimi nimewaambia waniulize muda wowote. Asiyeuliza ameelewa." Nimechoka kuisikia. Si kweli, na inaharibu kozi kuliko hata mtandao mbovu.

Mwanafunzi wetu hakulelewa kumvamia mwalimu kwa swali. Saa mbili usiku anaandika, "Shikamoo mwalimu," kisha anasubiri marahaba ndipo aseme shida yake. Mwalimu anaona ujumbe, anadhani ni salamu tu, anapita. Kufikia asubuhi mwanafunzi ameshaamua kwamba amepuuzwa, na swali lake kuhusu kazi ya wiki ya tatu limekufa hapohapo. Jamani, itikieni! "Marahaba, hujambo? Umekwama wapi?" Inatosha.

Kwenye kipindi cha moja kwa moja ni yale yale: "Kuna swali? Hakuna? Haya, tuendelee." Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu darasani husubiri jibu kwa takriban sekunde 1 tu. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi wakajitokeza. Na hao walikuwa ana kwa ana. Mtandaoni sauti inachelewa, huyu anatafuta kitufe cha maikrofoni, yule anachapa kwa kidole gumba ndani ya daladala. Subirini hata sekunde 20. Tena acheni hilo "kuna swali?" Semeni: "Kila mmoja aandike neno moja lililomsumbua kwenye jedwali hili." Hapo hakuna anayejianika peke yake mbele ya wenzake, nanyi mnapata pa kuanzia.

Wahadhiri wengine husema: "Aliyezima kamera hayupo." Yupo, anabana bando. Video inakula data kuliko sauti. Mpeni kitu cha kujibu, mtajua kama yupo.

"Grupu la WhatsApp linatosha." Kwa tangazo la haraka, sawa. Lakini swali lililoulizwa asubuhi linafunikwa na pole na hongera kabla ya adhuhuri, na wiki ijayo mwingine anauliza lilelile. Maswali ya somo yakae kwenye jukwaa la majadiliano la Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, kila mada na mahali pake, jibu moja lisomwe na wote.

"Basi nitapatikana saa 24." Nani kakuomba? Tangazeni kwamba mtajibu ndani ya saa 48 za siku za kazi, na mtimize. Anayejua jibu linakuja lini hatumi ujumbe mara tano.

Ombi langu kubwa ni la wiki ya kwanza. Kabla ya mada yoyote, kila mwanafunzi awaandikie mistari mitatu: anasomea wapi, kwa simu au kompyuta, na nini kinamtia hofu kwenye kozi hii. Mjibuni kwa jina lake. Kama darasa ni kubwa, gawaneni na wasaidizi wenu, ila asibaki hata mmoja bila jibu.